Umekuta faili usilolijua kwenye kompyuta? Lichunguze hivi kabla hujalifungua wala kulifuta

Swali hili halijawahi kuisha: nimekuta faili linaitwa hivi na hivi, je ni virusi? Na majibu mengi yanayokuja ni ya mkato, mmoja anasema futa haraka sana, mwingine anasema hata mimi ninalo na kompyuta yangu iko poa. Wote wawili wanaangalia jina tu, na jina ndo kitu rahisi kuliko vyote kudanganya nacho, maana mtu yeyote anaweza kuandika programu yake mbovu akaiita svchost.exe au chrome.exe au jina lolote analotaka. Kwa hiyo sahau kwanza kuuliza jina hili ni zuri au baya, tunaenda kuuliza maswali mengine: limekuja kwa njia gani, limekaa wapi, nani kalitia saini, na limejulikana duniani tangu lini. Ukiyajibu hayo manne, mara nyingi jibu linajitokeza lenyewe.

Nitaongelea zaidi Windows kwa sababu huko ndo shida iko kubwa, Mac na Linux nitagusia mwishoni.

Hatua ya 1: usilifungue, na pia usilifute

Kutolifungua kila mtu anaelewa. Kutolifuta ndo watu hawaelewi, na hapa nataka tutulie kidogo maana madhara yake ni ya kweli kabisa. Mwaka 2001 zilizunguka imeili zinasema ukikuta faili linaitwa sulfnbk.exe kwenye kompyuta yako ujue umeshapata virusi, lifute na uwatumie marafiki wote onyo hilo. Watu wakatafuta, wakalikuta kweli, wakafuta, wakasambaza. Kumbe lilikuwa faili halali la Windows linalotunza majina marefu ya mafaili. Mwaka 2002 ikaja nyingine ya jdbgmgr.exe, hilo lilikuwa na aikoni ya kidubu, watu wakiona kidubu wakaamini moja kwa moja kwamba hii kitu haiwezi kuwa ya mfumo, wakafuta, na lenyewe lilikuwa halali vilevile. Yani hapakuwa na virusi hata kimoja, uharibifu wote ulifanywa na mikono ya wenye kompyuta.

Na hata antivirusi inakosea. Tarehe 21 Aprili 2010 apdeti ya McAfee iliichukua svchost.exe halisi ya Windows XP ikaiona ni virusi, kompyuta nyingi sana maofisini zikawa zinajizima na kujiwasha bila kukoma. Kwa hiyo ukiona onyo, pumua kwanza. Faili ambalo limekaa tu kwenye diski bila kuendeshwa halifanyi kitu, una muda wa kulichunguza.

Hatua ya 2: limefikaje hapo?

Jiulize kwa ukweli. Ulilidaunlodi mwenyewe? Lilikuja na imeili? Lilikuwa kwenye flashi ya mtu? Au umelikuta tu kwenye Task Manager na hukumbuki kuinstoli kitu chochote? Raiti kliki kwenye faili, nenda Properties, angalia tarehe ya Created, alafu kumbuka siku hiyo ulifanya nini. Tarehe inaweza kuchezewa na programu mbaya, ila mara nyingi inakupa mwanga, unakuta ni siku ileile uliyoinstoli printa na faili lenyewe ni la printa.

Kuna njia za kuingia ambazo mimi naziona ni dalili mbaya hata kabla ya uchunguzi wowote. Ya kwanza ni faili la zip lenye paswedi, na paswedi yenyewe imeandikwa humohumo kwenye ujumbe. Hiyo paswedi hailindi siri yoyote, kazi yake ni kuzuia antivirusi isione kilichomo ndani. Ya pili ni maelekezo yanayokwambia zima antivirusi kwanza ndo uinstoli. Hii iko sana kwenye programu za kulipia zilizovunjwa ili zitumike bure, na naomba nieleweke vizuri hapa: mtu anayekwambia uzime ulinzi wako ili programu yake iingie, we usiendelee, hata kama watu mia wameandika chini kwamba imewafanyia kazi. Programu nyingi za kuiba paswedi zinafanya kazi kimyakimya, na ile programu uliyoitaka inafanya kazi vizuri tu juu yake. Ya tatu ni websaiti inayokwambia kompyuta yako ina virusi na ikakupa kitu cha kudaunlodi ili usafishe.

Hatua ya 3: lione jina lake lote

Windows kwa kawaida inaficha ekstensheni, ile herufi tatu au nne za mwisho baada ya nukta. Fungua folda yoyote, kwenye Windows 11 bonyeza View, alafu Show, alafu weka tiki kwenye File name extensions. Kwenye Windows 10 iko kwenye View moja kwa moja. Fanya hivyo leo na uache hivyohivyo siku zote.

Sababu yake ni hii. Mei 2000 virusi vya ILOVEYOU vilienea dunia nzima kwa muda mfupi sana vikitumia faili lililoitwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs, na kwa kuwa .vbs ilikuwa imefichwa, watu waliona TXT wakadhani ni maandishi ya kawaida, kumbe ni skripti. Ujanja huo bado unatumika mpaka leo, unakuta ankara.pdf.exe yenye aikoni ya PDF kabisa. Aikoni ya faili la exe inawekwa na aliyelitengeneza, anaweza kuweka ya PDF, ya folda, ya picha, yoyote ile, kwa hiyo aikoni haikuthibitishii chochote.

Zinazoendesha kitu ukizibonyeza sio exe peke yake. Kuna .scr, .bat, .cmd, .vbs, .js, .hta, .msi, .jar, na .lnk ambayo ni shotikati. Hii .lnk Windows inaificha hata ukiwasha kuonyesha ekstensheni, kwa hiyo angalia safu ya Type pale kwenye folda, ikiandika Shortcut wakati ulitegemea kuona folda au picha, simama hapohapo. Safu ya Type inasaidia pia kwa ujanja mwingine ambao ni wa hatari zaidi: kuna herufi isiyoonekana inayogeuza mwelekeo wa maandishi, inatumika kihalali kwenye lugha zinazoandikwa kutoka kulia kama Kiarabu, wezi wanaiingiza katikati ya jina ili faili ambalo mwisho wake halisi ni .exe lionekane kwa macho kama ripotiexe.pdf. Macho yanaona pdf, ila Type inaandika Application.

Na kama bado una wasiwasi faili ni la aina gani kweli, fungua Notepad, alafu kwa File na Open lifungue faili humo. Notepad inasoma tu, haiendeshi kitu. Utaona uchafu mwingi usiosomeka, we angalia herufi za mwanzo kabisa. Programu za Windows zinaanza na MZ. PDF inaanza na %PDF. Zip zinaanza na PK, na docx na xlsx nazo zinaanza na PK kwa sababu ndani yake ni zip. Ukikuta kitu kinajiita picha au PDF alafu kinaanza na MZ, umeshapata jibu, huhitaji hata kuendelea. Funga Notepad bila kusevu.

Hatua ya 4: limekaa wapi

Hii ndo hatua ninayoiamini kuliko hizi za mwanzo zote. Kama ni kitu kinachoendeshwa sasa hivi, bonyeza Ctrl+Shift+Esc ifunguke Task Manager, nenda Details, raiti kliki kwenye jina, chagua Open file location.

Mfano unaoulizwa sana ni svchost.exe. Watu wanashtuka wakiona ziko nyingi, hamsini au zaidi, wakati ndivyo inavyotakiwa iwe, Windows inaendesha huduma zake nyingi kupitia jina hilo. Ya halali inakaa C:\Windows\System32, na kuna nyingine ya programu za biti 32 kwenye C:\Windows\SysWOW64. Hivyohivyo lsass.exe, csrss.exe, winlogon.exe na services.exe makao yao ni System32, ila explorer.exe yenyewe makao yake ya kawaida ni C:\Windows. Ukikuta svchost.exe inaendeshwa kutoka kwenye Temp au Downloads au folda la Public, hiyo sio ya Windows, hakuna mjadala. Soma pia herufi mojamoja: scvhost, svch0st yenye sifuri, au lsass ambayo herufi ya kwanza ni i kubwa badala ya l ndogo. Kwa macho ya haraka hutoziona, kopi jina ulipesti Notepad ubadilishe fonti.

Sasa AppData, folda ambalo programu zinatunza vitu vyake kwa kila mtumiaji. Kuna watu wanasema chochote kilichoko AppData ni virusi, hapana. Zoom na Discord zote zinajiinstoli humo na ni halali, kwa sababu zinaingia kwa mtumiaji mmoja bila kuomba ruhusa ya admini. Shida ni kwamba virusi navyo vinapenda humo kwa sababu hiyohiyo. Nachoangalia mimi ni folda lenyewe: likiwa na jina la programu unayoijua na ndani kuna mafaili mengi yanayoendana, sawa. Likiwa folda lina jina la herufi za ovyoovyo na ndani kuna exe moja peke yake, na imejiweka kujiwasha kila ukiwasha kompyuta, hapo wasiwasi wangu unapanda sana.

Hatua ya 5: saini

Saini hapa ni muhuri wa kidijitali unaoonyesha nani kalitoa faili na kama halijabadilishwa. Properties tena, tafuta tabu ya Digital Signatures. Ikiwepo, chagua jina, bonyeza Details, na hakikisha imeandikwa signature is OK. Usiishie kuona tabu ipo tu, saini inaweza kuwepo na ikawa imevunjika kwa sababu faili limebadilishwa baadaye. Na usichanganye na tabu ya Details inayoonyesha jina la kampuni na haki miliki, yale ni maandishi tu, mtu yeyote anaandika Microsoft Corporation humo.

Kuna jambo linawachanganya watu wengi: mafaili mengi ya Windows yenyewe hayana hiyo tabu kabisa, kwa sababu saini zao zimewekwa kwenye katalogi ya pembeni, yani faili jingine linalotunza saini hizo. Kwa hiyo kukosa tabu peke yake sio kosa. Ili uone vizuri daunlodi Process Explorer kutoka Sysinternals, ni ya Microsoft na ni bure, fungua Options uwashe Verify Image Signatures, inakagua na katalogi. Nyingine yao ni Autoruns, inakuonyesha kila kitu kinachojiwasha chenyewe, kwangu ndo chombo bora kabisa cha kazi hii.

Je, saini ikiwa nzuri ndo basi? Inakupeleka mbali ila sio mwisho. Mwaka 2010 dunia ilivijua virusi vya Stuxnet, na draiva zake zilikuwa na saini za vyeti vilivyoibwa vya Realtek na JMicron, kampuni halisi za Taiwan. Mwaka 2017 toleo la 5.33 la CCleaner, programu ya kusafisha kompyuta, lilitoka kwenye seva rasmi likiwa na saini halali na huku ndani kumepandikizwa programu mbaya. Matukio kama hayo ni machache ukilinganisha na virusi vya kawaida, kwa hiyo saini naipa uzito mkubwa, ila sio uzito wote.

Hatua ya 6: uliza kwa heshi kabla hujapakia faili

VirusTotal ni websaiti ya kukagulia mafaili, ilianza Hispania mwaka 2004, Google wakainunua 2012, na inalipitisha faili lako kwenye antivirusi sabini na kitu kwa mpigo. Watu wengi wanaburuta faili wanaliachia pale. Ngoja kwanza. Faili unalolipakia linaweza kuonekana na makampuni ya usalama na wateja wanaolipia huduma hiyo, kwa hiyo kama ni dokumenti ya kazini, mkataba, majibu ya hospitali, umeshayatoa nje na huwezi kuyarudisha.

Tafuta heshi badala yake. Heshi ni kama alama ya kidole ya faili, ukibadilisha hata baiti moja inakuwa nyingine kabisa. Fungua PowerShell uandike:

Get-FileHash "C:\njia\ya\faili.exe"

Itakupa SHA256, namba ndefu ya herufi 64. Ikopi, nenda VirusTotal kwenye Search, ipesti. Ukipenda Command Prompt andika certutil -hashfile "C:\njia\ya\faili.exe" SHA256, jibu ni lilelile. Kama heshi inajulikana utapata ripoti bila kupakia kitu. Kama haijulikani, na faili halina siri ya mtu, ndo sasa lipakie, mwisho ni MB 650. Na uwe macho na exe zenye ukubwa wa ajabu, kuna wanaojaza masifuri ndani ili faili liwe zito mpaka antivirusi zishindwe kulikagua, unakuta zip ni MB chache ukiifungua inatoka exe ya mamia ya MB.

Kama programu ulidaunlodi kwa waliotengeneza, baadhi yao huandika SHA256 kwenye ukurasa wao. Zikilingana, faili ulilonalo ndo lilelile walilolitoa.

Hatua ya 7: kuyasoma majibu, hapa ndo wengi wanakosea

Sifuri kwenye sabini haimaanishi ni salama. Kama First Submission ni leo asubuhi, yani dunia ndo kwanza inaliona, hiyo sifuri haina maana sana, virusi vipya vinaweza kuanza na sifuri. Ila sifuri ya faili lililoonekana miaka mitatu iliyopita na bado safi, hiyo ni habari njema. Fungua tabu ya Details uangalie hiyo tarehe kila mara, mimi naitazama kabla hata ya idadi.

Moja au mbili kwenye sabini, na majina yenyewe ni ya jumlajumla kama Generic au Heur au maneno yanayotaja mashine kujifunza, mara nyingi ni kosa la antivirusi, hasa kwa programu ndogo za watu binafsi zisizo na saini. Soma majina, usihesabu tu. Zikiwa kumi na tano na kadhaa kati yao zinataja ukoo uleule wa virusi kwa jina, hilo ni baya. PUA au PUP maana yake ni programu zisizotakiwa, zile za matangazo na zinazojibandika kwenye brauza, sio wizi wa moja kwa moja ila hakuna sababu ya kuishi nazo.

Dokumenti na flashi

Word au Excel iliyotoka kwa usiyemjua, iache kwenye Protected View, ile hali ya kusoma tu, na ikikuomba ubonyeze Enable Content ili uone maandishi vizuri, usibonyeze. Kitufe hicho kinaruhusu makro, yani amri zinazojiendesha ndani ya dokumenti, na dokumenti ya kweli haihitaji makro ili isomeke. Microsoft wenyewe kuanzia 2022 wanazuia makro za mafaili yanayotoka intanetini, na ndo maana siku hizi wezi wamehamia kwenye .lnk na .iso, ambayo ni nakala ya diski nzima.

Flashi ambayo mafolda yote yamegeuka shotikati: mafaili yako mara nyingi bado yamo, yamefichwa tu. Usibonyeze shotikati yoyote. Fungua Command Prompt, kama flashi ni E andika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* na mafolda yako halisi yatatokea, kopi vitu vyako, skani, alafu fomati flashi. Na kompyuta uliyochomeka nayo iskani, maana ukisafisha flashi peke yake inaambukizwa tena palepale.

Ukitaka kulijaribu

Windows Sandbox ipo kwenye Pro na Enterprise, sio Home, unaiwasha kwenye Turn Windows features on or off. Inafungua Windows tupu ndani ya dirisha, ukiifunga kila kitu kinapotea. Ina intaneti kwa kawaida, kwa hiyo usiingie akaunti yako yoyote humo, na kumbuka kuna virusi vinavyotambua viko kwenye jaribio vikatulia. Kuona hakijatokea kitu hakutoshi kuliamini faili.

Wa Mac, heshi ni shasum -a 256 na saini ni codesign -dv --verbose=4. Wa Linux, sha256sum, na andika file mbele ya jina ujue aina yake halisi. Amri ya dpkg -S au rpm -qf itakwambia faili limeletwa na pakiti gani.

Uamuzi

Ukiridhika kwamba ni baya, acha antivirusi iliweke karantini badala ya kulifuta kwa mkono, ukikosea utalirudisha. Ukifuta exe peke yake, mara nyingi kile kilicholileta bado kipo, kwa hiyo endesha Microsoft Defender offline scan, iko Windows Security, Virus & threat protection, Scan options, inawasha kompyuta upya na kukagua kabla Windows haijaamka. Ulifuta faili la mfumo kimakosa? Fungua Command Prompt kama admini, andika sfc /scannow.

Kama ulishalifungua na ni baya, chomoa intaneti sasa hivi, alafu kwa kifaa kingine, sio hichohicho, badilisha paswedi ukianza na ya imeili, kisha benki, na kwenye kila akaunti bonyeza kutoka kwenye vifaa vyote. Hilo la kutoka watu wanalisahau na ni muhimu mno, maana programu za wizi zinachukua kuki za brauza, vile vidata vinavyokumbuka kwamba umeshaingia, na mwizi mwenye kuki anaingia bila kuulizwa paswedi mpya wala namba ya uthibitisho inayotumwa kwenye simu.

Na kama baada ya yote hujapata uhakika, lifungie ndani ya zip, liache bila kuliendesha, rudi VirusTotal baada ya siku tatu nne ubonyeze Reanalyze kwenye ripoti ileile. Idadi ikiwa imetoka sifuri ikafika ishirini, lipeleke karantini na uskani kompyuta nzima siku hiyohiyo.